Mnaoanza kazi ya kompyuta Lamu, anzeni na programu huria

Wadogo zangu mnaoingia saiba na ofisi ndogo za mji wa Lamu, acheni programu zilizokrekiwa, yaani zilizovunjwa kinga ya leseni ili zitumike bila kulipiwa. Zimejaa kwenye mashine tunazoletewa, na nyingi huja na virusi vinavyohama na flashi kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine. Watu hudhani njia ni mbili tu, kulipia leseni au kuiba. Ipo ya tatu, tena halali: programu huria, ambazo msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) uko wazi na leseni yake inamruhusu yeyote kuzitumia na kuzigawa.

Chukueni LibreOffice. Inaandika barua, inapiga hesabu, inatengeneza slaidi, na hailipiwi. Ukiipakua mara moja, unaisakinisha kwa flashi kwenye mashine zote za ofisi bila kula bando tena. Leseni yake inaruhusu. Lakini kwangu mimi bei si hoja kubwa. Hoja kubwa ni faili. ODF, muundo inaohifadhia kazi zako, ni kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, tangu 2006, na maelezo yake yako wazi kwa yeyote. Daftari la wanafunzi wa madrasa au la wageni wa gesti likihifadhiwa humo, hakuna kampuni itakayokuzuia kulifungua kwa kuwa hukulipa.

Wateja watalalamika kwamba barua "imeharibika". Mara nyingi tatizo ni fonti. Barua ya Calibri ikifunguliwa kwenye mashine isiyo na fonti hiyo, mistari husogea na ukurasa mmoja ukawa miwili. Wekeni Carlito, herufi zake zina upana uleule. Badala ya Cambria, Caladea. Cha kuchapishwa kigeuzeni PDF kabisa. Makro za Excel, yaani amri za kujiendesha zilizowekwa ndani ya faili, ni kweli, hugoma mara nyingine: ofisi inayozitegemea msiibadilishie kwa nguvu.

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Kabla hamjamwambia mzee wa watu avuke hadi Mokowe, bara, kutafuta mashine mpya, jaribuni Linux Mint, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, akaiona kwanza. Akiridhika, nakilini faili zake pembeni ndipo msakinishe.

Na Kiswahili chetu kimo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice yenye menyu za Kiswahili; OpenOffice ndiyo programu ambayo LibreOffice ilitokana nayo. Msimbo ulikuwa wazi, kwa hiyo hawakuhitaji kuisubiri kampuni ione faida. Nanyi mkikuta neno limekosewa kwenye menyu, mna haki ya kupendekeza lililo sahihi.