Saa ya jua: kwanza niambie ni kalenda gani

Programu mbili zinanipa jua mahali tofauti kwa tarehe 16 Julai 622, tunayotaka kuichora kwenye saa ya jua ya msikiti. Ipi mbovu? (Arua)

Hakuna mbovu. Wewe hukuziambia unatumia kalenda ipi, kama wenzako wote walioniandikia kuzilalamikia programu. Kalenda ya Gregory, tunayotumia leo, ilianza 1582, pale 4 Oktoba ilipofuatwa na 15 Oktoba. Tarehe za kabla ya hapo vitabuni ni za kalenda ya zamani, ya Julius Kaisari. Programu nyingine huzisoma hivyo. Nyingine huirudisha kalenda yetu nyuma kana kwamba Papa Gregory XIII aliishi zama za Mtume. 16 Julai 622 ya Julius ni 19 Julai kwa hesabu ya leo, na siku hizo tatu hulisogeza jua karibu nusu digrii. Isitoshe, mhimili wa dunia ulikuwa umeinama takriban digrii 23.6, leo ni 23.4. Basi jedwali la mahali pa jua la mwaka huu liache. Wajuaji watakutisha kwamba dunia imepunguza kasi ya kuzunguka. Ni kweli, na ni muhimu kwa anayehesabu kupatwa kwa jua, lakini mchoro wako hautaonyesha tofauti.

Jambo ambalo hukuuliza: tarehe hiyo ni mwanzo wa mwaka wa kwanza wa Hijria, si siku Mtume aliyohama. Waoneni masheikh kabla fundi hajagusa jiwe.

Na msidhani 1582 ilimaliza kazi. Waingereza walibadili 1752, kwa hiyo barua ya London ya 1700 nayo ina tarehe ya Julius.

Saa yangu ya jua inachelewa dakika 50. Nimekosea wapi? (Entebbe)

Hujakosea. Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo 45, iliyo mbali mashariki mwa Uganda. Pengo hubadilika katika mwaka: mapema Novemba utaona dakika 34 hivi, na katikati ya Februari litapita saa nzima.

Kijiti cha saa ya jua, kile kinachotoa kivuli, kiinuliwe kiasi gani? (Masaka)

Sawa na latitudo yako! Pale Kayabwe, kwenye ikweta, kinalala kabisa. Anayekuuzia saa ya bustani iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya anakuuzia pambo.

Shuleni tunataka alama ya Uhuru, 9 Oktoba 1962. Mwaka una maana? (Mbale)

Kidogo mno. Jua lilikuwa karibu digrii 6 kusini mwa ikweta, na kwenu adhuhuri ya kweli, jua linapofika juu kabisa, iliangukia takriban saa sita na nusu. Kijiti cha mita moja kilichosimama wima kingetoa kivuli cha sentimita 12 hivi, kuelekea kaskazini. Wanafunzi na wapime wenyewe Oktoba hii kabla ya kupaka rangi.

Mwaka 44 kabla ya Kristo niuandike -44? (Jinja)

-43. Wanaastronomia wana mwaka sifuri, wanahistoria hawana.