Makuruta wa upinde, mishale mitatu haitoshi kuchagua

Jumamosi iliyopita wamenijia tena, vijana watatu kwenye boda moja, wa mwisho kabeba boksi refu mgongoni kama mtu anahamisha mlango. Kompaundi mpya ya kuwindia, ule upinde wa magurudumu, imewekwa urefu wa kuvuta inchi 29, uzito wa kuvuta paundi 70. Kijana mwenyewe ukimpima mikono anafika 27 kwa shida. Nikamuuliza, ulijaribu kabla ya kununua? Akasema ndiyo afande, nilijaribu nne Nairobi, hii ndiyo ilikuwa na kasi kuliko zote. Banange. Nilikaa juu ya jerikeni nikashika kichwa, maana hayo maneno niliyasema mimi mwenyewe miaka saba iliyopita na mpaka leo bega la kulia linaniambia mvua inakuja kabla ya mawingu.

Basi naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hii. Sitawafundisha kamu, yale magurudumu ya ncha za upinde, ni nini wala di-lupu, kile kitanzi cha kwenye ugwe, inafungwaje, hayo mnayajua kuliko mimi, mmeangalia video mpaka bando zimeisha. Tangu isikike kwamba kompaundi inaingia Olimpiki ya Los Angeles 2028, ile ya timu ya mchanganyiko, kila wiki napata kuruta mpya hapa Bombo, Uganda, na kila kuruta anakuja na kosa lilelile, wamebadilisha rangi ya upinde tu.

1. Pima mikono kabla ya kupima upinde. Simama ukutani, nyoosha mikono yote miwili bila kujivuta, mtu akupime kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, gawa inchi hizo kwa 2.5 upate urefu wako wa kuvuta. Yangu ni sentimita 175, inchi 69 hivi, inakuja 27 na nusu. Siyo hesabu ya mwisho lakini inakuweka karibu. Na usiseme "mimi ni mrefu afande", urefu wa kichwa hauvuti ugwe.

2. Paundi. Hapa ndipo ujinga wetu wanaume unapokaa kambi. Yule Mmarekani wa Missouri, Holless Wilbur Allen, aliyepata hataza ya huu upinde wa magurudumu mwaka 1969, kazi yake yote ilikuwa mtu akifika mwisho wa kuvuta asibebe mzigo wote, apumue, alenge. Leo kamu zinakuachia asilimia 80 au 85, upinde wa paundi 70 ukishafika ukutani, yaani pale mwisho ambapo hauvutiki tena, unashika kama 14 au hata 10 na nusu tu. Mtu amehangaika kukupunguzia mzigo, wewe unatafuta mzito kuliko wa jirani! Na kama unataka mashindano, sheria ya World Archery kwa kompaundi ni paundi 60 mwisho, shabaha ya sentimita 80 kwa mita 50, kwa hiyo hizo 70 zako utazipunguza tu mbele ya mwamuzi. Anza na 50. Gunia langu la matambara halijawahi kulalamika kwamba mshale umeingia kidogo.

3. Sasa nisikilizeni vizuri, hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Nilikuwa nimetoka jeshini, nina kiinua mgongo kidogo, nina mkopo wa SACCO ambao mama watoto alijua ni wa mabati. Nikaenda Afrika Kusini kwenye harusi ya mpwa wangu, na kule wawindaji wa upinde ni wengi, maduka yao yana sehemu ya kupigia ndani kwa ndani, mita 18, kuna taa, kuna feni, na kile kidude cha kupima kasi kiko mezani kinakutazama. Nikaomba kujaribu pinde tano. Kila upinde mishale mitatu. Wa kwanza ulikuwa mlaini kama kuvuta mlango wa friji, nikasema huu wa watoto. Wa pili mrefu, inchi 35 kutoka ekseli hadi ekseli, ulitulia mkononi kama umetiwa gundi, mishale mitatu yote ningeweza kuifunika kwa kikombe cha chai, nikasema huu mzito kubeba. Hebu fikiria, nimebeba bunduki na paketi porini miaka yote hiyo, leo nalalamika uzito wa upinde! Wa tatu siukumbuki. Wa nne kelele. Wa tano sasa, mfupi, mweusi, umeandikwa futi 345 kwa sekunde, nikauvuta kwa nguvu zote maana nilishachoka, ukaruka kama swala, kile kidude kikaonyesha namba kubwa kuliko zote, na wazungu wawili waliokuwa nyuma wakasema "ooh". Hiyo "ooh" ndiyo niliyoinunua. Milioni 4 na laki 3 za Uganda, "ooh" mbili.

Kijana wa dukani, Mungu ambariki, aliniambia. Hilo ndilo linaloniuma. Aliniambia mzee, huu uko 29 na wewe ni 27 na nusu, kamu zake hazina moduli ya kuzungusha kubadili urefu, lazima kamu zote zibadilishwe na za saizi yako sina hapa, subiri wiki mbili nikutumie. Tena akasema, hiyo 345 inapimwa kwa paundi 70, inchi 30 na mshale mwepesi wa greni 350, wewe hutaiona kamwe. Mimi nikamwangalia kama sajenti anavyomwangalia kuruta anayemfundisha kufunga buti. Nikamwambia kijana, mikono hii inajinyoosha. Ndege yangu ilikuwa kesho yake asubuhi.

Nyumbani nikaanza kupiga. Ukiwa na upinde mrefu kuliko wewe, mkono wa mbele unakakamaa, mgongo unalala nyuma, ugwe unapita shavuni na kwenda kulala nyuma ya sikio, pipu, kile kitundu cha kulengea kwenye ugwe, huioni mpaka ukunje shingo kama kuku anayesikiliza. Halafu ugwe ukirudi unachapa mkono wa mbele. Nilikuwa na alama kuanzia kiwiko mpaka saa, mke wangu akauliza nani ananipiga. Mishale ilikwenda kushoto, nikabadilisha saiti ya kulengea. Ikaenda kulia, nikalaumu mishale, nikaagiza dazani nyingine. Nikalaumu upepo wa Bombo. Nikalaumu riliizi, kile kifyatulio cha mkononi. Miezi minne nililaumu kila kitu kilicho kwenye upinde isipokuwa mtu aliyeushika. Siku nilipopata cha kupimia kasi ilisoma 290 na kitu, yaani ule wa pili, mtulivu, ungenipa karibu hiyohiyo bila kunichapa.

Na paundi 70, jamani. Mshale wa kwanza mpaka wa nane unavuta vizuri. Wa tisa unaanza kuinua upinde juu kwanza, unaelekeza mbinguni ndiyo unavuta ukishuka nao, na hiyo tabia nikimwona mtu nayo leo namfukuza uwanjani bila kumuuliza jina. Jumapili moja walikuja vijana kuniona, nami nikataka waone. Mshale wa kumi na mbili au kumi na tatu, bega limeshawaka moto, nikainua juu, nikavuta, kidole kikagusa riliizi kabla sijafika ukutani. Mshale ukapita juu ya gunia, juu ya ukuta wa udongo tulioujenga nyuma, juu ya migomba. Kukawa kimya. Nakwambia ule ukimya sijausikia hata vitani. Halafu tukasikia "pwaa", na sauti ya mama mmoja.

Tangi la maji, lita elfu moja, la jirani. Mshale uliingia upande mmoja ukabaki umening'inia, maji yanatoka kama bomba la mtaa. Mita tatu pembeni yake watoto wawili walikuwa wanaosha sufuria. Mita tatu. Nililipa tangi, nikaenda na sukari na kitenge kuomba msamaha, yule mama akapokea vyote na akasema neno moja tu, "mzee", lakini alivyolisema sijawahi kulisahau. Usiku sikulala. Nimefundisha watu silaha, nimeadhibu watu kwa kuelekeza mtutu kusikotakiwa, halafu mimi.

Bega nalo likagoma wiki hiyohiyo. Fiziotherapia miezi mitatu, siruhusiwi kuinua hata kikombe. Kamu za saizi yangu nilikuja kuziagiza baadaye, zikafika, lakini kamu haitoki bila presi, mashine ya kukandamiza upinde, na presi sikuipata, ikabidi niagize presi pia. Mjumlishe wenyewe, mimi nilishaacha. Na mabati? Mama watoto aliyanunua kwa hela ya kuku wake. Hajawahi kunitajia, ila mvua ikinyesha ananitazama.

4. Jinsi ya kujaribu, basi, ili hela iende mahali pake. Pinde zote ziwekwe urefu wako na paundi zilezile, kama haiwezekani huo upinde hujaujaribu, umeushikashika tu. Usipige mitatu, piga ishirini kila mmoja, pumzika, halafu rudi siku ya pili uanze na ule uliomaliza nao jana, maana wa kwanza unaupiga ukiwa mpya na wa mwisho unaupiga ukiwa maiti. Wambie wafunike kidude cha kasi kwa kofia. Vuta ukiwa umepiga goti, vuta ukiwa umekaa kwenye kiti, mkono umenyooka usawa wa shabaha, ukishindwa punguza paundi usibishane. Shika ukutani mpaka sekunde thelathini uone kama unatulia au unatetemeka. Halafu ushushe polepole bila kufyatua, hapo ndipo zile kamu kali zinajulikana, zina bonde fupi, ukilegea kidogo zinakunyang'anya mkono. Breisi, yaani nafasi kati ya mshikio na ugwe kabla ya kuvuta, ya inchi sita kushuka chini inasamehe makosa machache kuliko ya saba, na wewe makosa unayo ya kutosha. Ukimaliza andika kwenye karatasi mishale ilikaa wapi, siyo ulijisikiaje.

5. Mengine haraka haraka. Usifyatue upinde bila mshale hata kwa mzaha, limbu, ile mikono ya upinde inayopinda, zinapasuka usoni. Upinde uliokwishatumika pitisha pamba kwenye limbu zote, ikinasa kuna ufa, rudisha. Mshale usipungue greni tano kwa kila paundi. Ukunje mshale wa kaboni kidogo usikilize kabla ya kupiga, ukilia tupa. Ugwe upake nta, na usiuache upinde kwenye gari juani, ugwe unanyooka na saiti inahama halafu unakuja kunilaumu mimi.

6. Kuna mmoja wenu, hatutajana, aliniuliza kwa sauti ya chini kama huu wa 70 unaweza kumwangusha nsunu, yule swala wa Uganda, kule upande wa hifadhi ya Murchison. Nsunu! Aliyesimama kwenye nembo ya taifa! Kijana, upinde kuandikwa "wa kuwindia" siyo leseni. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 haina kifungu cha "nilikuwa nafanya mazoezi", na UWA, mamlaka ya wanyamapori, wakikukuta hifadhini na podo mgongoni hawatakuuliza umepima mikono au la. Ukitaka kuwinda fuata njia ya kibali, na kama huna hela ya njia hiyo, basi gunia lipo, halikimbii na halina kesi. Wengine mnauliza, kwa nini ununue upinde wa kuwindia kama utapiga gunia? Swali zuri. Ungeniuliza kabla ya kununua.

Yule kijana wa Jumamosi nilimpa upinde wangu wa mazoezi, ule wa paundi 45 ambao wanangu wanauita wa bibi. Akacheka. Mishale kumi ya kwanza alikuwa anacheka. Ya ishirini akanyamaza, akatazama gunia, mishale imekaa pamoja kama watu wanaongojea posho. Kisha akavuta wake wa 70 na kuinua juu mbinguni, nikamzuia mkono kabla hajafika popote. Nikamwonyesha migomba. Nyuma ya migomba tangi linaonekana, jeusi, na kiraka cheupe pembeni.

"Hiyo nini afande?"

Nikamwambia legeza skrubu za limbu zote mbili mizunguko sawasawa mpaka 60, upinde uache hapa, nitatafuta kamu za 27. Jumamosi ijayo njoo saa mbili asubuhi na spana yako ya pembe sita, yangu wameiba.