Herufi nazo zina tumbo

Picha ya kwanza niliyoihariri kwa kujiamini ilinirudi. Ilikuwa ya mama mkubwa. Nilimpiga picha mwenyewe asubuhi ya Aprili, mlangoni kwake Uyole, kavaa sweta, khanga nyeupe mabegani, ukungu umetanda hadi uani. Nilikuwa wiki ya tatu katika darasa la jioni la usanifu wa grafiki pale Mbeya mjini. Nikaongeza mwangaza, nikalainisha ngozi, nikaipeleka kuchapishwa. Akaishika, akaisogeza dirishani, akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilikuwa nimefuata somo la video hatua kwa hatua, na somo lile lilitengenezwa kwa uso mwingine na mwanga mwingine. Ukivuta mwangaza kwa mkupuo, kila kitu kinapanda pamoja: uso, ukuta, anga. Ngozi nyeusi uzuri wake uko kwenye mng'ao wa paji la uso na mashavu ukisimama kando ya kivuli. Pandisha vyote, mng'ao na kivuli vinakaribiana, na mtu anabaki na rangi ya majivu.

Mwalimu hakunigombeza. Alifungua histogramu, ule mchoro wenye vilima unaoonyesha mwanga wa picha kuanzia 0, yaani nyeusi kabisa, hadi 255, nyeupe kabisa. Vilima vya picha yangu vilikuwa vimerundikana katikati. Ukungu ndivyo unavyofanya: weusi haufiki kuwa weusi, weupe haufiki kuwa weupe. Kwa hiyo anza na ncha hizo mbili, ya weusi na ya weupe, kwenye kifaa cha viwango (Levels), zisogeze mpaka ziguse vilima, uone picha inavyofumbua macho kabla hujagusa uso wa mtu. Halafu rangi. Picha ya asubuhi kivulini huwa na ubuluu, na hapo ile khanga iliniokoa. Chukua kale kadude kanakofanana na kidondoshea dawa ya macho, gusa kitu unachojua ni cheupe, kitambaa kinarudi kuwa cheupe na ngozi inarudi na joto lake.

Ndipo nikaongeza leya ya mwanga, yaani tabaka linalokaa juu ya picha, nikaifunika yote kwa maski nyeusi, pazia linaloificha, nikalifungua kwa kupaka brashi nyeupe laini, kidogo kidogo, chini ya macho tu ambako kivuli kilizidi. Mikunjo sikuigusa. Kufuta mikunjo ya mtu mzima ambaye hajakuomba ni utovu wa adabu, na siku hizi nikiombwa hivyo na ndugu wa mhusika nauliza kwanza kama mwenyewe amesema.

Mambo ya kawaida nayapitia haraka, maana utaambiwa kila mahali. Programu ya GIMP ni bure, ipo tangu 1996, na kwa kuanzia inatosha sana. Usifanye kazi juu ya picha yenyewe, nakili leya kwanza. Hifadhi faili la kazi kama XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, kwa sababu JPEG inapoteza kidogo kila ukiihariri na kuihifadhi upya. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, hivyo mwambie mtu akutumie kama dokumenti. Bango la A3 lenye nukta 300 kwa inchi linataka pikseli 3508 kwa 4961, na picha iliyobanwa haifiki huko hata uilazimishe. Na umeme ukikatika kabla hujahifadhi, pole. Mimi ulinikuta mara mbili.

Kwenye taipografia, sanaa ya kupanga herufi, ndiko nilikochelewa kuelewa. Kazi ilikuwa hii: andika neno moja kiasi kwamba umbo lake liseme maana yake, bila kuchora chochote pembeni. Tukapewa maneno ya Kiingereza, la kwanza likiwa "jump". Wanafunzi tulikuwa wanane, na zikaruka J nane. Sote tulikuwa tumeona mifano ileile mtandaoni.

Jioni ile kwenye daladala, nimebanwa dirishani kuanzia Mwanjelwa, nikatoa daftari nikaandika "msongamano", herufi zikikanyagana hadi ile o ya mwisho ikaning'inia mlangoni kama kondakta. Kumbe Kiswahili kimejaa maneno ya namna hii. "Pengo": ondoa n, acha nafasi yake wazi, na mtu bado anasoma. "Kigugumizi" linagugumia lenyewe, huhitaji kulisaidia sana. "Kizunguzungu" lina zungu mbili, ya kwanza isimamishe, ya pili ianze kuzunguka. "Njaa" lina a mbili zenye matumbo, yale maduara yake. Nilizitoboa matumbo yote mawili yakabaki ngozi tu, na mwalimu akacheka hadi akaketi. Kwa hiyo ukipewa kazi hii, weka mfano wa mtandaoni kando, chukua penseli, utamke neno kwa sauti mara kadhaa kabla ya kuwasha kompyuta.

Ila si kila neno liruke. Jina la kanga linakaa kwenye kisanduku chake, herufi kubwa, mstari ulionyooka, na aliyelengwa anaelewa vizuri tu.

Kazi ya mwisho ilitutaka tuunganishe picha na neno. Nikachukua picha ya mlima Loleza wa hapa Mbeya, nikaandika UKUNGU kwa herufi kubwa, nikalitia neno ukungu wa programu, ule unaofifisha kingo. Mwalimu akasema, "Huo si ukungu, hiyo ni kamera iliyotikisika." Nikafuta nusu ya chini ya herufi, kama ukungu unavyolala bondeni. Haikusomeka, kwa kuwa U kubwa ikikatwa chini inabaki vijiti viwili. Nikajaribu herufi ndogo, na hapo likakubali. Nusu ya juu ya herufi ndogo hubeba sehemu kubwa ya usomaji. Pitisha karatasi juu ya mstari wowote uone. Mkia wa g ukazama wote, n ikabaki na upinde wake, na k peke yake ikatokeza kichwa, palepale kilele cha Loleza kilipo.

Nilipata alama nzuri. Nikaichapisha A3, nikaipeleka Uyole pamoja na picha ya mama mkubwa iliyorekebishwa. Ya kwake aliitundika sebuleni bila maneno mengi, "ndaga fijo" tu, asante sana kwa Kinyakyusa. Bango akalitazama zaidi.

"Ukungu umeuandika vizuri," akasema, kisha akaweka kidole juu ya ile k. "Lakini mwezi wa nne Loleza haionekani hata kichwa."