Kabla hujaanza kusawazisha mlinganyo

Wadogo zangu mnaoanza mada ya mmenyuko, nimewavumilia vya kutosha. Nimepitia madaftari yenu na kukuta tena H₂ + O₂ → H₂O₂, pembeni mmejipigia tiki. Ndiyo, imesawazika, ila swali lilitaka maji. Ninyi mmetengeneza peroksidi ya hidrojeni.

1. Fomula kwanza, kusawazisha baadaye. Namba ndogo za chini haziguswi, cheza na za mbele tu. Nalisema hili kwa uchungu. Kwenye mtihani tuliulizwa gramu 5.4 za alumini zikiungua zote zitatoa oksaidi kiasi gani. Nikaandika Al + O₂ → AlO₂. Alumini moja huku, moja kule. Oksijeni mbili huku, mbili kule. Nikajiona bingwa. Moli ni kipimo cha wingi wa chembe; moli moja ya alumini ina gramu 27, kwa hiyo 5.4 ni moli 0.2. Basi AlO₂ nayo moli 0.2, zidisha kwa 59, gramu za moli yake moja, gramu 11.8. Nikahakiki pia, maana nilikuwa mjanja: oksijeni gramu 6.4, ongeza 5.4, inakuja 11.8 ileile. Hata sheria ya Lavoisier ya uhifadhi wa masi ilinipigia makofi! Nikafunika karatasi, nikawa nawaonea huruma wenzangu waliokuwa wakihangaika na 4Al + 3O₂ → 2Al₂O₃. Valensi, yaani idadi ya vifungo atomi inavyoweza kuunda, ya alumini ni 3, ya oksijeni ni 2. Ningezipishanisha tu, ningeipata Al₂O₃ papo hapo. Jibu lilikuwa gramu 10.2, na vipengele vyote vya swali vilivyolitegemea vikazama nalo.

2. Geuza gramu kuwa moli ndipo uulize kipi kitaisha kwanza. Ukiwa na gramu 10 za hidrojeni na 32 za oksijeni, macho yatakwambia hidrojeni ndiyo haba. Kumbe ni moli 5 kwa 1, na maji yanataka 2 kwa 1: oksijeni inaisha, gramu 6 za hidrojeni zinabaki bila kazi.

3. Kichocheo, kinachoharakisha mmenyuko, hakiliwi. MnO₂ ikiwa ndiyo kichocheo, iandikwe juu ya mshale.

4. Asidi ndiyo inamiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, kamwe si kinyume chake. Hapa sitanii.

5. Jivu la magnesiamu likizidi uzito wa utepe mliouchoma, msiisingizie mizani. Oksijeni imeingia humo. Kuna mmoja wenu lake lilipungua. Alikuwa akifunua kifuniko cha chombo cha kuchomea kila mara achungulie, moshi mweupe unapaa, naye anaushangilia. Moshi huo ndio MgO, oksaidi ya magnesiamu, aliyotakiwa kuipima. Akaja kuniomba mizani nyingine.