Shamba Likilimwa, Usilifute: Kwa Anayeanza Kuratibu Hesabu ya Ndege wa Nyasi Kinangop

Ukikabidhiwa kazi ya kuratibu hesabu ya ndege wa nyasi Kinangop, nchini Kenya, fahamu mapema kwamba hapa hakuna mbuga yenye lango na askari. Uwanda huu ulio kati ya milima ya Aberdare na ukingo wa Bonde la Ufa, kwenye mwinuko wa mita 2,400 na zaidi, ni mashamba ya watu. Baada ya uhuru wa 1963 ardhi ya walowezi iligawiwa familia za wakulima, na tangu hapo kila kizazi kinaigawa tena kwa warithi. Nyasi zilizobaki zimo kwenye malisho ya ng'ombe wa maziwa na kondoo, zimezungukwa na viazi, kabichi, njegere na mikaratusi.

Humo ndimo anamoishi ndege aitwaye Macronyx sharpei. Ana kifua cha njano chenye michirizi na ukucha mrefu wa nyuma, hapatikani nchi nyingine yoyote isipokuwa Kenya, na yumo kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka. Timu yetu humwita Sharpe kwa ufupi, nami nitamwita hivyo. Hupenda nyasi fupi zenye mafundo ya nyasi ngumu hapa na pale. Chini ya mafundo hayo ndipo anapojificha na kutaga. Shamba likilimwa huondoka. Likipandwa mikaratusi huondoka. Nyasi zikiachwa zikawa ndefu na nzito, huko nako hupungua, kwa hiyo mifugo inayolisha kwa kiasi ni rafiki yake.

Kazi yako ni kuhakikisha kwamba hesabu ya mwaka huu inaweza kuwekwa kando ya hesabu ya mwaka ujao, na ya miaka kumi ijayo, na mtu akazilinganisha bila shaka. Mengine yote nitakayokuambia yanatoka hapo.

Anza na uchaguzi wa mashamba. Kishawishi ni kuchagua yale ambayo kila mtu anajua kuwa Sharpe yumo, kwa sababu wageni na wafadhili wanapenda kumwona. Ukifanya hivyo utakuwa umechagua mashamba yaliyo katika hali yake bora, na kutoka hapo namba haina pa kwenda ila kushuka, hata kama uwanda kwa jumla haujabadilika. Chora ramani, igawe katika miraba, kisha chagua kwa bahati nasibu. Baadhi ya mashamba yatakayotoka hayatakuwa na Sharpe hata mmoja. Yaweke kwenye orodha hivyo hivyo.

Sasa njoo kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Msimu mmoja utafika kwenye shamba lililokuwa malisho mazuri na kukuta matuta ya viazi. Mwenye shamba ana karo ya kulipa, bei ya viazi imepanda, trekta limepita. Mhesabu wako atakupigia simu akuulize, kwa nia njema kabisa, kama ahamie shamba la jirani ambalo bado lina nyasi. Mwambie hapana. Ahesabu kwenye viazi. Apite mstari ule ule, kwa mwendo ule ule, aandike sifuri ya Sharpe, na kwenye safu ya matumizi ya ardhi aandike viazi.

Watu wengi huona huko ni kupoteza asubuhi. Fikiria basi kinachotokea kila shamba lililolimwa likibadilishwa na jingine lenye nyasi. Miaka mitano baadaye unachora grafu na idadi ya ndege kwa kila shamba imekaa pale pale. Unaandika ripoti kwamba hali ni tulivu. Wakati huo huo nusu ya nyasi zako za mwanzo zinaweza kuwa zimekwisha, na ripoti yako haitaonyesha chochote, kwa kuwa umekuwa ukipima nyasi zilizobaki tu. Ndege huyu haishi kwa wastani wa shamba zuri. Anaishi kwa ekari ambazo bado ni nyasi, na upungufu wa ekari hizo ndio hasa tunaoutafuta. Unaweza kuongeza mashamba mapya ukiwa na watu wa kutosha, lakini yape namba mpya na usiyachanganye na ya zamani.

Sifuri yenyewe ina adabu zake. Kisanduku kitupu kwenye fomu hakisemi kitu: huenda mtu hakufika, huenda alifika akazuiwa na mbwa, huenda mvua ilimrudisha. Sifuri inasema nilifika, nilitembea mstari wote, sikumwona. Wafundishe wahesabu wako tofauti hiyo siku ya kwanza na uikague kila fomu inayorudi. Wengi wao ni vijana wa hapa hapa wanaoipenda kazi, na wanahisi wamekuangusha wakikuletea sifuri. Wapongeze kwa sifuri iliyoandikwa vizuri mbele ya wenzao, kwa dhati.

Kuhusu namna ya kuhesabu nitasema kidogo, kwa kuwa mwongozo wa timu utaupewa. Sharpe hukaa chini na kunyamaza mpaka umfikie karibu, ndipo aruke. Kwa hiyo tunatembea sambamba tukiwa tumeachana mita 10, polepole, na tunamhesabu anaporuka, tukiangalia atakapotua ili asihesabiwe mara mbili. Akiruka unaona mgongo wa kahawia wenye michirizi na weupe kwenye kingo za mkia. Anthus cinnamomeus, mwenzake wa familia moja aliye wa kawaida huku, naye ana weupe mkiani. Hapo ndipo wageni wanapokosea. Wape siku kadhaa za kutembea na mtu anayewajua ndege wote wawili, na asiyekuwa na hakika aandike hana hakika. Namba ya watu kwenye mstari isibadilike kutoka msimu hadi msimu. Watu sita wataamsha ndege wengi kuliko watatu, na uwanda hautakuwa umebadilika hata kidogo.

Majira nayo yana hila. Chukua kweche wa Jackson, Euplectes jacksoni. Wakati wa kuzaliana dume huvaa nyeusi, hukanyaga nyasi kuzunguka fundo moja hadi kutokea duara, kisha huruka juu na kushuka humo tena na tena ili majike wamwone. Hata mtoto wa shule anaweza kumhesabu. Msimu huo ukipita, dume hupoteza weusi wake na kufanana na jike, na kundi zima ni ndege wadogo wa kahawia. Ukihesabu wakati wa mchezo huo wa kuruka mwaka huu na baada yake mwaka ujao, utatangaza maafa ambayo hayakutokea. Kidenenda wa Aberdare, Cisticola aberdare, ambaye naye ni wa Kenya peke yake na yuko hatarini, hupatikana kwa sauti zaidi kuliko kwa macho, na upepo wa Kinangop huzima sauti. Weka kanuni ya upepo na ukungu: ikizidi kiwango, timu inarudi nyumbani na kulipwa nauli yake, na siku nyingine inapangwa.

Nauli hiyo ilipwe siku hiyo hiyo. Mtu ametoka kwake alfajiri, Julai, baridi imeganda kwenye majani, amepanda boda boda hadi Murungaru kwa pesa yake. Ukimwambia asubiri fedha zitoke makao makuu atakuelewa mara ya kwanza, na pengine ya pili. Halafu utampoteza, na pamoja naye utapoteza macho yanayolijua shamba lile kwa miaka. Tenga fedha za uwanjani kabla ya kununua kifaa chochote. Darubini nzuri ni muhimu, lakini mhesabu yule yule akirudi kila msimu ana thamani kuliko darubini mpya.

Tafuta watu hao kupitia vikundi vilivyokuwapo kabla yako. Friends of Kinangop Plateau ni kikundi cha wenyeji kilichojitolea kwa ajili ya nyasi hizi kwa muda mrefu, na mashirika ya uhifadhi ya Nature Kenya na A Rocha Kenya yamenunua vipande vya ardhi ili vibaki nyasi. Vipande hivyo ni vidogo ukilinganisha na uwanda mzima, ila ni vizuri kuvihesabu kwa mbinu ile ile unayotumia kwenye mashamba ya watu, ili uone tofauti. Upande wa serikali, kibali cha utafiti kinatoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na taasisi ya utafiti wa wanyamapori, WRTI, iko Naivasha hapo chini tu. Shughulikia karatasi hizo miezi kadhaa kabla, na mwone chifu kabla hujamwona mkulima yeyote.

Utasikia kwamba Ramani ya Ndege wa Kenya, iliyoanza 2013, inatosha. Ni kazi nzuri sana, ichangie. Inagawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kila upande, na mtu hutoa orodha ya ndege aliowaona humo kwa muda usiopungua saa mbili. Inakuambia Sharpe bado anaonekana katika mraba fulani. Haitakuambia kwamba ndani ya mraba huo malisho matatu kati ya manne yamelimwa. Ndiyo maana tunapima pia urefu wa nyasi, idadi ya mafundo, mifugo iliyopo, na kilichopandwa. Mfumo wa BirdLife, shirika la kimataifa la uhifadhi wa ndege, wa kufuatilia maeneo muhimu ya ndege unataka mambo matatu: hali ya ndege na makazi yao, mashinikizo, na hatua zinazochukuliwa. Jaza yote matatu hata pale safu ya hatua inapokuwa na mstari mmoja tu.

Fomu zipigwe picha jioni ile ile kabla timu haijatawanyika, na uzisome wewe mwenyewe huku aliyeandika akiwa bado karibu. Swali ambalo mtu anaweza kulijibu saa kumi na moja jioni, wiki mbili baadaye atalikisia. Majina na simu za wenye mashamba yakae faili tofauti na data za ndege. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzilinde, na hata isingekutaka, watu hao wamekuamini.

Kila mwaka rudi kwa kila mwenye shamba na karatasi moja ya Kiswahili au Kikuyu: shamba lako, ndege waliokutwa, mwaka jana na mwaka huu. Mpelekee hata aliyelima. Mara nyingi huyo ndiye anayeuliza maswali mazuri, na huenda akapumzisha sehemu ya ardhi kwa malisho misimu ijayo. Swali atakalouliza karibu kila mmoja ni atapata nini akiacha nyasi. Usimwahidi fedha ambazo huna, wala watalii ambao hawajaja. Zungumza naye juu ya maziwa, sufu ya kondoo, na gharama ya mbolea na mbegu ya viazi, kwa hesabu halisi za shamba lake, ukae naye mpaka mmalize. Ikiwa baada ya hapo bado atalima, mshukuru, umwombe ruhusa ya kupita kwenye matuta msimu ujao, na uliandike shamba lake kwenye orodha kwa namba yake ile ile.