Kwa nini nishushe dumu chini?

SWALI: Mambo mhariri, mi niko mwalo wa Kirumba, Mwanza, nanunuaga petroli ya injini ya boti kwa dumu la plastiki, juzi mhudumu wa sheli kagoma kunijazia dumu likiwa kwenye kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo), eti nishushe chini. Ananitesa au?

JIBU: Wala, ndugu yangu, kakuokoa. Petroli ikipita kwenye paipu na filta inajikusanyia chaji, ndo umeme tuli huo, kama ule unaotatarika ukivua shati la nailoni gizani, sasa petroli haipitishi umeme vizuri na plastiki ndo kabisaa, chaji inabaki humo humo haina pa kutorokea, halafu nozeli ya chuma ikisogea pa! cheche. Na mvuke wa petroli unashika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la Mwanza.

Sasa dumu likiwa chini, chaji inapata njia ya kwenda ardhini kirahisi kuliko likiwa juu ya kirikuu. Likiwa hapo chini, nozeli iguse mdomo wa dumu muda wote na ajaze polepole. Hata malori ya mafuta yakipakia yanafungwa waya wa ethi kwanza, ule wa kupeleka chaji ardhini, na mafuta yanaanza kwa spidi isiyozidi mita 1 kwa sekunde mpaka mdomo wa paipu uzame kwenye mafuta. Na simu weka mfukoni bwana.