Kwa nini akriliki imegeuka nyeupe
Umeuliza kwa nini akriliki yako angavu (aina ya plastiki) imekuwa kama maziwa baada ya kutia unga wa dioksidi ya titani, tena inakatika upesi. Akriliki ina kipeo cha kupinda mwanga (kipimo cha jinsi kitu kinavyoupinda mwanga unaopita ndani yake) cha 1.49 hivi, dioksidi ya titani hupita 2.5. Pengo hilo ndilo linalotawanya mwanga. Unga wa silika, wenye 1.46 hivi, ingekuachia uangavu mwingi zaidi.

Kuhusu kukatika, tazama pale palipovunjika kwa hadubini. Ukiona mabonge ya unga ulioshikamana, hapo ndipo ufa hupenda kuanzia. Tawanya unga kwanza ndani ya kiyeyushi kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ndipo uongeze polima, yaani akriliki yenyewe. Na kausha polepole, tafadhali: viputo vinavyobaki ndani ukiharakisha navyo hufifisha uangavu.